Ndege ya Mabomu Haichukui Mateka

Tarehe 11 Novemba 1961 ndege mbili za mizigo aina ya C-119 zilitua katika uwanja wa Kindu, mji wetu wa mashariki mwa Kongo. Zilikuwa za Brigedi ya 46 ya Jeshi la Anga la Italia, yenye makao yake Pisa, zikiwa katika utumishi wa Umoja wa Mataifa, na zilileta mahitaji ya askari wa Malaya waliowekwa hapa kulinda amani. Ndani yake walikuwamo watu kumi na watatu: marubani, mafundi wa ndege, waendesha redio na daktari mmoja. Ndege moja iliongozwa na Meja Amedeo Parmeggiani, nyingine na Kapteni Giorgio Gonelli. Baada ya kushusha mizigo walikwenda kula katika nyumba ya maofisa wa Malaya, si mbali na uwanja. Silaha hawakuwa nazo. Askari wa Kikongo waliotoka upande wa Stanleyville wakaivamia nyumba ile, wakiamini kwamba walioshuka ni wanajeshi wa miamvuli wa Kibelgiji wanaoipigania Katanga, jimbo lililojitenga. Daktari aliuawa akijaribu kutoroka. Wengine kumi na wawili walipelekwa gereza la mjini, na huko wakauawa. Habari za kwanza zilizotangazwa duniani zilidai kwamba miili yao imekatwakatwa na kutupwa mtoni. Februari 1962 ilipatikana imezikwa katika makaburi ya Tokolote, na mwezi uliofuata ikafikishwa Pisa.

Tangu wakati huo kisa hiki kimesimuliwa kwa namna moja, huko Italia na huku kwetu: waliuawa kwa kudhaniwa kuwa watu wengine. Ni kweli, lakini usimulizi huo unaruka swali zito. Je, anayeua bila kujua anamuua nani ana udhuru mbele ya Mungu na mbele ya watu? Jibu langu ni kwamba hana, pale alipoweza kujua na asijishughulishe kujua. Tena nasema kwamba hukumu hiyo inamhusu askari wa gerezani na inamhusu pia rubani wa ndege ya mabomu, kwa kipimo kimoja. Nawaweka pamoja makusudi, kwa sababu Kindu iliwaona wote ndani ya miaka mitatu. Mwaka 1961 watu walioshuka kutoka angani waliuawa na waliokuwa chini. Mwaka 1964 waliokuwa angani waliwaua waliokuwa chini. Dunia imewaita wauaji wa kwanza washenzi, na wale wa pili haikuwapa jina lolote.

Haki inataka tuanze na askari wa 1961, maana ndio waliolaaniwa sana na kusikilizwa kidogo. Walikuwa na sababu ya kuiogopa ndege. Julai 1960, siku chache tu baada ya uhuru, Ubelgiji iliingiza wanajeshi wake wa miamvuli nchini bila kuombwa na serikali ya Kongo, na miongoni mwa ndege zake za kubebea askari zilikuwamo C-119, zenye mwili kama sanduku na mikia miwili iliyonyooka kwa nyuma. Askari aliyeiona mikia ile mwaka wa kwanza wa uhuru hakuhitaji mtu wa kumfasiria alipoiona tena juu ya mto Lualaba. Tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, alipakiwa ndegeni akiwa amefungwa, akashushwa Elisabethville, Katanga, na kabla ya alfajiri alikuwa ameuawa pamoja na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito. Askari wa Umoja wa Mataifa walikuwapo uwanjani alipotua, wasifanye kitu. Septemba mwaka huo ndege moja tu ya kivita ya Katanga, Fouga Magister, iliwashambulia askari wa Umoja wa Mataifa hata Wairish waliozingirwa Jadotville wakakosa msaada. Maniema, jimbo la mji huu, ilikuwa ngome ya chama cha Lumumba, kwa hiyo maumivu hayo yote yalikuwa ya nyumbani. Nembo ya Umoja wa Mataifa kwenye ubavu wa ndege haikuwa kinga machoni pa mtu aliyeona jinsi nembo hiyo hiyo ilivyoshindwa kumkinga kiongozi wake.

Nayasema haya bila kupunguza hata moja, kisha nasema: hayatoshi. Hofu yenye sababu inampa mtu haki ya kuchukua tahadhari. Inampa haki ya kuizingira nyumba, kuwakamata waliomo, kuwapekua, kuwafunga, kuizuia ndege isiruke. Askari wale walifanya mengi kati ya hayo, na lau wangeishia hapo, leo tungewahesabu kuwa wanajeshi waliolinda uwanja wao. Kilichofuata kilihitaji kitu kingine zaidi ya hofu. Kilihitaji wakubali kutouliza.

Katika mji huu ambao adhana na kengele ya kanisa husikika pamoja, vitabu vinavyosomwa upande mmoja na mwingine vimelizungumza jambo hili waziwazi kuliko wengi wetu tunavyodhani. Sura ya Al-Hujurat inawaagiza waumini kwamba wakiletewa habari na mtu asiyeaminika waichunguze kwanza, wasije wakawadhuru watu kwa ujinga wakabaki na majuto. Sura ya An-Nisaa inalipeleka agizo hilo hadi kwenye uwanja wa vita: wanaotoka kupigana wanaamriwa kuhakikisha, na wanakatazwa kumkatalia anayewaelekea kwa amani kwa kumwambia kuwa si mwenzao. Aya mbili kabla ya hiyo, anayeua kwa bahati mbaya hasamehewi hivi hivi. Anatakiwa kumwacha huru mtumwa na kuwalipa fidia jamaa wa aliyekufa, na asiyepata cha kutoa afunge miezi miwili mfululizo. Yaani hata pale ambapo hakuna nia mbaya, deni lipo. Na mapokeo yanamtaja Usama bin Zayd, sahaba aliyemuua adui vitani baada ya mtu huyo kutamka shahada. Usama alijitetea kwamba yule aliitamka kwa kuogopa upanga, na Mtume akamuuliza kama aliupasua moyo wake akaona yaliyomo. Usama hakuwa mtu mwovu. Alikuwa kijana vitani, adui yuko mbele yake, na sekunde chache tu za kuamua. Hata hivyo swali lile halikuondolewa.

Upande wa Biblia kuna jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha mada yote hii. Sodoma, mji ulioangamizwa kwa moto uliotoka mbinguni, haukuchomwa kwa sababu ya habari zilizofika juu tu. Kitabu cha Mwanzo, sura ya 18, kinaeleza kwamba kilio dhidi ya mji huo kilipomfikia Mungu, alisema atashuka kwanza aone kama mambo ni kweli kama alivyoambiwa. Kisha akamruhusu Ibrahimu abishane naye juu ya idadi ya wenye haki waliomo, kutoka hamsini hadi kumi. Yule anayejua yote, ambaye hana haja ya kuuliza, anaonyeshwa akishuka na akisikiliza kabla ya moto kushuka. Wanateolojia wanaweza kutuambia kwamba hiyo ni lugha ya kibinadamu juu ya Mungu. Sawa, lakini kwa nini lugha hiyo imechaguliwa hapo, kwenye kisa hicho cha moto kutoka juu, kama si kumfundisha mwanadamu kwamba hakuna urefu wa kiti unaomwondolea hakimu wajibu wa kushuka? Thomas wa Akwino naye aliweka kanuni inayolingana na hayo: ujinga wa kitu ambacho mtu alipaswa kukijua, na aliweza kukijua, haumtoi hatiani, na ujinga wa kujitakia unaweza hata kuongeza dhambi, kwa kuwa mtu amefumba macho ili asizuiwe.

Tukirudi Kindu, tuone kilichowezekana mwaka 1961. Wale kumi na wawili hawakuwa nukta zinazokimbia kwenye vichaka. Walikuwa gerezani, ndani ya kuta, mikononi mwa askari. Walikuwa na vitambulisho. Maofisa wa Malaya walieleza kwamba hawa ni Waitalia. Shehena ilikuwa ya chakula na vifaa, ikionekana na yeyote. Kati ya ndege kutua mchana na risasi za gerezani zilipita saa, wala si sekunde kama za Usama. Mjini walikuwapo watu wanaojua Kifaransa, wamisionari na makarani waliowazoea Wabelgiji kwa miaka mingi, ambao wangeweza kumtofautisha Mwitalia kwa kumsikia akisema sentensi moja. Swali lingeweza kuulizwa na jibu lingeweza kupatikana. Kama kuna ujinga wa kujitakia katika historia ya mji huu, ni huo.

Hapa napaswa kujibu pingamizi ambalo ni kali kuliko yote, na ambalo wanaosimulia kisa hiki hawaligusi. Mtu anaweza kusema: basi hoja yako ni kwamba wangeuliza, wangegundua ni Waitalia, wangewaacha. Je, na kama wangekuwa Wabelgiji kweli? Kama wangekuwa makomando wa Katanga wenyewe? Ingekuwa halali kuwapiga risasi seloni? Pingamizi hili linaonyesha udhaifu wa msemo ule wa kudhaniwa kuwa watu wengine. Msemo huo unaomboleza kwamba risasi ziliwapata wasiostahili, na kwa kimya unakubali kwamba wapo waliostahili. Sikubali. Mkataba wa Geneva wa 1949 unamlinda mateka wa vita bila kuuliza alipigania upande gani, na Kurani inawasifu wanaomlisha mateka chakula wanachokipenda wao wenyewe, wala haisemi mateka huyo awe mwema. Mtu aliyekwisha kukamatwa, asiye na silaha, amekuwa amana ya aliyemkamata. Mbelgiji mwenye damu mikononi angepaswa kupelekwa mbele ya mahakama, na pengine ahukumiwe vikali. Kuuliza kunakotakiwa, basi, kuna ngazi mbili. Ngazi ya kwanza ni mtu huyu ni nani. Ya pili, ambayo ni nzito zaidi, ni mtu huyu yuko katika hali gani mbele yangu sasa hivi: anapigana, anakimbia, ameinua mikono, amelala chini mgonjwa? Askari wa gereza la Kindu walikosea jibu la swali la kwanza. La pili hawakuweza kulikosea, kwa sababu jibu lake lilikuwa mbele ya macho yao. Kwa hiyo hata lile lililoitwa kosa la kutojua halikuwa la kutojua hasa. Walijua yote waliyohitaji kuyajua ili wasiue.

Na ngazi hiyo ya pili ndiyo inayonipeleka kwenye ndege ya mabomu. Julai 1964 waasi wa Simba waliiteka Kindu. Walichokifanya hapa na katika miji mingine hakifichiki: makarani, walimu, watumishi wa serikali, mtu yeyote aliyeonekana kuwa amesoma na kuvaa shati jeupe, aliweza kuburutwa na kuuawa. Serikali ya Léopoldville, chini ya Moïse Tshombe, ikawaita mamluki, na Marekani ikaleta ndege. Miongoni mwake zilikuwa B-26K, ndege za mabomu za injini mbili zilizofanyiwa ukarabati mpya, zenye bunduki nane za rashasha puani pamoja na mabomu na roketi chini ya mabawa. Zilirushwa na Wakuba waliokimbia serikali ya Fidel Castro, walioajiriwa na shirika la ujasusi la Marekani, CIA. Mapema Novemba msafara wa magari uliotoka Kongolo, chini ya Kanali Frédéric Vandewalle wa Ubelgiji, ulipanda kuelekea kaskazini huku ndege hizo zikiutangulia, na tarehe 5 Novemba 1964 ukaingia Kindu. Siku kumi na tisa baadaye ulikuwa Stanleyville.

Tujaribu kuiangalia Kindu kama ilivyoonekana kutoka ndani ya ile B-26. Mto mpana wa rangi ya udongo. Upande wa magharibi, reli inayotoka Kongolo ikiishia bandarini, maghala, paa za mabati, mitaa ya udongo mwekundu. Upande wa pili, Alunguli. Kati yake mitumbwi. Rubani anaiona mitumbwi kwa dakika moja au pungufu. Nani yumo? Simba anayevuka kutoroka, kijana wa miaka kumi na mitano aliyevishwa ngozi ya chui akaambiwa risasi zitageuka maji, mvuvi, mama anayempeleka mtoto mbali na mizinga? Simba hawakuwa na sare. Walikuwa na majani na maji ya dawa. Kutoka juu, tofauti kati ya mwasi na mkulima haikuonekana kabisa. Na tuseme rubani ana bahati, kweli ni mwasi. Mwasi huyo akitupa bunduki akainua mikono, rubani atafanya nini? Hana pa kumweka. Hawezi kusimama. Ndege ya mabomu haichukui mateka. Haina sikio la kumsikia anayesalimu amri, wala mkono wa kumpokea. Mwanajeshi wa miguu anaweza kuua kwa haki na anaweza pia kuacha kuua kwa haki, dakika ile ile, kwa mtu yule yule. Wafanyakazi wa ndege wamenyimwa nusu ya pili ya uwezo huo na chombo walichokipanda wenyewe.

Hapa watu wengi huchukua njia ya mkato wakasema kwamba urefu unampunguzia rubani lawama, kwa kuwa hakuona. Mimi nasema urefu unamwongezea wajibu. Anayejua kwamba akishapanda hataweza kuuliza tena, analazimika kuuliza kabla hajapanda, kwa ukali zaidi kuliko mwenye kutembea. Mahali pa kushuka, kwake yeye, ni mezani pa amri, kwenye ramani, asubuhi ile kabla ya injini kuwaka: lengo ni nini, nani wameliona kwa macho yao, kando yake kuna soko au zahanati, ni siku gani ya gulio. Asipopata majibu, dhamiri yake inamtaka asiruke. Ugumu wa kulitekeleza hilo kijeshi naujua, na siulizi kama ni rahisi.

Wapo watakaosema: ndege zile ziliokoa watu. Ni kweli, ziliokoa. Msafara uliolindwa nazo uliwakuta Kindu Wazungu waliokuwa mikononi mwa Simba, wakasalimika, na Wakongo wengi zaidi ambao majina yao yalikuwa kwenye orodha za kuuawa wakapumua siku ile. Sioni haya kusema kwamba kuwaondoa Simba Kindu lilikuwa jambo jema. Lakini wema wa mwisho wa safari haujibu swali la kila bomu lililoangushwa njiani. Baba anayemwokoa mwanawe kwenye nyumba inayoungua hana ruhusa ya kumsukuma motoni mtoto wa jirani ili apite. Yawezekana baadhi ya mashambulizi yale yalilenga wapiganaji waliojipanga kwa vita, na hayo nayaacha. Nauliza juu ya yale yaliyolenga paa, mtumbwi, kundi la watu, kwa hesabu kwamba huko chini kuna Simba, kwa hiyo walioko chini ni Simba. Hiyo ni hesabu ile ile ya askari wa 1961: Wabelgiji walikuja kwa ndege ya namna hii, kwa hiyo waliokuja kwa ndege hii ni Wabelgiji. Mantiki ni moja, na waliomcheka askari wa gerezani kwa ujinga wake waliisifu kama ujuzi wa vita ilipofanywa na mtu aliyevaa kofia ya rubani.

Pingamizi jingine linatoka kwenye hekima yetu wenyewe: mjumbe hauawi. Wafanyakazi wa ndege ni wajumbe, wametumwa, kwa nini tuwatwike dhambi za waliowatuma? Methali hiyo naipenda, na inawatetea kikamilifu wale kumi na watatu wa Italia, waliotumwa chakula wakakifikisha. Haiwezi kumtetea anayebeba kifo mkononi mwake na kukiachia kwa kidole chake. Tunao ushahidi kutoka kwa watu wa kazi hiyo wenyewe. Tarehe 6 Agosti 1945 ndege nzito ya mabomu ya Marekani, B-29 iliyoitwa Enola Gay, iliangusha bomu la atomiki juu ya Hiroshima. Kiini cha bomu hilo kilitengenezwa kwa urani ambayo sehemu kubwa yake ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, kwa mikono ya Wakongo ambao hakuna aliyewaambia wanachimba nini. Rubani wa ndege hiyo, Paul Tibbets, alishikilia hadi kufa kwake kwamba alifanya kazi yake na hana cha kujutia. Lakini George Zabelka, padri Mkatoliki aliyewahudumia wanajeshi wa anga katika kisiwa cha Tinian ndege hizo ziliporuka, baadaye maishani alikiri hadharani kwamba alikosa, kwa kuwa aliwabariki na kunyamaza wakati alipojua miji yenye raia inachomwa. Yeye hakurusha ndege. Hakuangusha kitu. Alijihesabia hatia kwa sababu alikuwa na nafasi ya kuuliza na hakuitumia. Linganisha na mchimbaji wa Shinkolobwe: mkono wake uligusa jiwe lenyewe, na bado sitamhesabia kosa, kwa kuwa kujua hakukuwa ndani ya uwezo wake. Hatia inamfuata aliyekuwa na uwezo wa kuuliza, hata akiwa mbali na kitendo.

Limebaki pingamizi la hasira. Wapo wanaosema, na wanasema kwa uchungu wa kweli, kwamba si haki kumdai Mkongo wa 1961 uangalifu ambao hakuna aliyemwonyesha yeye. Nani aliuliza majina ya waliokatwa mikono kwa ajili ya mpira enzi za Mfalme Leopold? Nani alichunguza kabla ya kumuua Lumumba? Hasira ile ilikuwa na haki. Ila hasira yenye haki humjua mdaiwa wake. Damu ya mtoa huduma kutoka Pisa haikulipa hata senti moja ya deni la Brussels, na deni lilibaki palepale, likiwa limeongezewa jingine. Zaidi ya hapo, anayesema kwamba askari wale hawakuwa na uwezo wa kupambanua, kwamba tusitegemee kwao zaidi ya ghadhabu, anawatukana kwa tusi la mkoloni. Mkoloni ndiye aliyesema Mwafrika ni mtoto asiyewajibika. Mimi nawaheshimu askari wale kiasi cha kuwahukumu.

Mantiki hii ya kumhukumu mtu kwa ganda lake haikuishia kwa waliokufa 1961. Mwaka 1964 viongozi wa Simba, walipopigwa na ndege wasizoweza kuzifikia, waliwafanya Wazungu wa Stanleyville kuwa rehani ya mabomu. Paul Carlson, daktari Mmarekani wa misheni aliyetibu watu huko Wasolo, alitangazwa kuwa ofisa mamluki, akauawa tarehe 24 Novemba, siku wanajeshi wa miamvuli waliposhuka kuwaokoa mateka. Bomu lisilouliza lilizaa kisasi kisichouliza. Na katika siku zetu, Desemba 2021, kule Lweba katika eneo la Fizi, ofisa wa jeshi letu la taifa alishushwa garini na kuuawa na watu waliosoma adui kwenye sura yake, ingawa alivaa sare ya nchi. Hayo yalitokea mashariki hii hii, kwa Kiswahili hiki hiki, na sikubali kuyaona kuwa mbali na gereza la Kindu. Wakati huo huo angani zimekuja ndege zisizo na rubani, zinazotumiwa na pande zinazopigana mashariki mwa nchi. Watetezi wake hudai kwamba kamera zake huona vizuri kuliko jicho la rubani wa 1964. Huenda zinaona mkono ulioinuliwa. Bado hazina pa kumweka aliyeuinua.

Nawageukia basi wanaoongoza ibada katika mji huu, mapadri, wachungaji na maimamu wa Kasuku, Mikelenge na Alunguli. Pisa wamejenga mahali pa kumbukumbu karibu na uwanja wao wa ndege, na majina kumi na matatu yako pale, kila mtu na lake. Waliokufa Kindu mwaka 1964, kwa mkono wa Simba, kwa risasi za mamluki na kwa ndege zilizowatangulia, wanastahili vivyo hivyo. Wazee waliokuwa vijana mwaka ule sasa wamepita miaka sabini na themanini. Waulizeni mwaka huu, familia kwa familia, nani alikufa, alikuwa mtu wa nani, alikuwa akifanya nini dakika ile, na muyaandike majina hayo katika daftari moja bila kutenga waliokufa kwa mkono wa huyu na waliokufa kwa mkono wa yule. Anzeni na wale wa mtoni.